Kwa nyinyi mnaoanza dawati la hati za kukamata

Juzi nimeisikia tena ile sauti ya furaha pale kaunta: "Afande, huyu ana hati!" Kijana hajamaliza mstari wa pili kwenye skrini, mkono umeshafika kwenye pingu. Aliyesimama mbele yake ni babu wa miaka sabini hivi, amekuja kuripoti mbuzi wake aliyeibwa. Hati yenyewe ilikuwa ya kijana mwenye majina hayo hayo aliyeruka dhamana. Babu alicheka sana. Mimi sikucheka.

Wadogo zangu, mmetoka depo Moshi, kwenye mafunzo ya polisi, mnapiga guu kuliko sisi, na kompyuta mnaijua kuliko mimi. Lakini makosa mnayoyafanya kwenye mfumo wa hati ni yale yale tuliyoyafanya sisi ulipoletwa, na mengine tulikuwa tunayafanya tangu enzi za rejista. Sasa yanakwenda kasi zaidi, basi.

1. Jina halitoshi. Huku kwetu Mwanza, Kulwa na Doto wakiambiwa wapange foleni, wa kwanza yuko Nyamagana na wa mwisho anapanda kivuko kwenda Ukerewe. Ongeza Shija, aliyezaliwa nyuma ya mapacha, na Masanja, na Mabula, halafu niambie umemkamata nani. Tazama namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na hapo peke yake yule babu angekwenda zake. Hati haina namba ya NIDA? Jina la baba, kijiji, kabla hujamgusa mtu.

Na mfumo haujui Kisukuma. Ukiandika Ng'wandu na alama yake, aliyeingizwa kama Ngwandu hatokei. Malugu wa kituo kimoja ni Marugu wa kituo kingine, kutegemea aliyekuwa zamu anatokea wapi. Tafuta kwa njia zote, halafu utafute kwa namba ya kesi. Kuna jamaa tulimwachia akaondoka kwa amani, kaaga vizuri kabisa, kumbe aliyemwingiza alisahau kakoma ka juu.

2. Geuza hati, usome nyuma. Hakimu anaweza kuandika pale masharti ya dhamana, kwamba mtu huyu akitoa mdhamini aachiwe na afike tarehe fulani. Nyinyi mnaskani upande wa mbele tu, halafu mnamlaza mtu ndani kwa amri ambayo hakimu hakuitoa.

3. Piga simu mahakamani kwanza. Hapa mtanivumilia.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema hati ya kukamata hubaki hai mpaka itekelezwe, au ifutwe na mahakama iliyoitoa. OCS, mkuu wa kituo, hafuti. OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hafuti. Mlalamikaji aliyekuja kaunta kusema "tumeyamaliza nyumbani" hafuti. Na kompyuta nayo haifuti, wala haijui kama imefutwa, mpaka mtu akae chini aiambie.

Mfumo ukiwa bado mpya, alikuja mama mmoja mwenye biashara ya dagaa kwenye mwalo upande wa Ilemela. Ilikuwa Ijumaa mchana. Mashine ya mtumbwi wake imeibwa usiku. Mlalamikaji, jamani. Amekuja kwa miguu yake, ndala bado zina mchanga wa ufukweni. Nikaanza kumfungulia RB, yaani kuandikisha taarifa yake, na kwa kuwa wakati ule nilikuwa kama mtoto aliyenunuliwa simu, kila jina lililopita mbele yangu nililitia kwenye mfumo. Nikaingiza na lake. Ikatokea nyekundu: hati ya kukamata, Mahakama ya Wilaya, hakufika kwenye kesi ya kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu. Tarehe ya kuzaliwa yake, kijiji chake, jina la baba lake. Hoja yangu ya kwanza hapo juu isingemwokoa.

Akaniambia bila kupandisha sauti: "Mwanangu, hiyo kesi imekwisha. Nilikwenda mwenyewe, hakimu akaniuliza, nikamweleza, akaifuta hati. Karatasi iko nyumbani."

Nami nikamjibu kile mnachokijibu nyinyi kila siku, tena mbele ya watu: "Kila anayekuja hapa karatasi yake iko nyumbani."

Nilimpigia karani mara moja, hakupokea. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kumtuma mtu na bodaboda akailete hiyo karatasi, ni mwendo wa dakika chache. Ningeweza kwenda kwa OCS nikamweleza kwamba nina mashaka. Sikuwa na mashaka, hilo ndilo tatizo. Skrini ilikuwa nyekundu. Nikajaza kitabu cha mahabusu, akavua hereni na kitenge cha kichwani, nikamwingiza ndani. Akauliza, "Dagaa wangu wako juani, nani atawaanua?" Nikamwambia awapigie watoto. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Chaja ilikuwa mezani kwangu.

Jumamosi ikanyesha ile mvua ya ziwani, ya kuja ghafla.

Jumatatu nikampeleka mahakamani mwenyewe, nikiwa bado najiona mchapakazi. Karani akafungua jalada, akasoma, akanitazama. Hati ilikuwa imefutwa wiki kadhaa nyuma. "Na nakala tuliwaletea," akasema, "mlisaini dispachi." Akageuza hicho kitabu cha dispachi, cha kusainia barua zinazopokelewa, upande wangu, akaweka kidole. Sahihi ilikuwa yangu.

Niliporudi kituoni nilivuta trei ya meza yangu. Karatasi ipo, chini ya lundo la PF3 tupu, zile fomu za matibabu, na kwenye kona nimeandika kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu: "Ingiza kwenye mfumo."

Mama aliachiwa. Dagaa walinyeshewa, mwenye kufahamu mwalo anajua maana yake: bei ya chakula cha watu imekwisha, unauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nilimwomba radhi, nikawa najieleza sana, unajua mtu anavyojieleza. Akaniacha nimalize, akauliza, "Na mashine yangu?" Ile RB nilikuwa sijaimalizia.

Sasa msidhani ni ushamba wetu wa ziwani. Kwenye kozi tulisimuliwa kisa cha Alabama, Marekani, Julai 2004. Bwana anaitwa Bennie Dean Herring alikwenda ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti ya Coffee, kuchukua kitu kwenye gari lake lililozuiwa. Mpelelezi akamwambia karani aangalie kama ana hati. Pale kwao haikuwepo, wakapiga simu kaunti jirani ya Dale. Kompyuta ya Dale ikasema ipo, hakufika mahakamani. Wakamfuata barabarani, wakamkamata, wakampekua, wakamkuta na dawa za kulevya na bastola. Huku nyuma karani wa Dale anaitafuta karatasi yenyewe aitume kwa faksi, haioni. Kumbe hati ilifutwa miezi mitano kabla, na hakuna aliyeigusa kompyuta. Simu ya kuwarudisha ilipigwa ndani ya dakika 10 hadi 15, na mtu ameshafungwa pingu.

Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ikakubali ushahidi ule utumike, kwa kuwa ulikuwa uzembe wa mara moja na si mazoea. Kijana mmoja darasani akapumua kwa nguvu, "Afadhali." Afadhali kwa nani? Mimi kilichonibaki ni kwamba yule aliyekwenda kwenye kabati la karatasi ndiye aliyeujua ukweli, na angepewa robo saa tu, kusingekuwa na kesi ya kusomwa kwenye kozi.

Kwa hiyo utaratibu wa meza yangu: nyekundu ikitokea, unampa mtu kiti. Unapiga simu mahakama iliyotoa hati, unauliza ipo au imefutwa, unaandika jina la aliyekujibu na saa. Ikithibitika ipo, ndipo unamweleza mtu kiini cha hati, na akiomba kuiona unamwonyesha. Ndivyo sheria inavyotaka. Kumgeuzia skrini na kumwambia "si unaona mwenyewe" hakumo.

4. Karatasi ya kufuta hati huingizwa kabla ya kuwekwa popote. Trei hakuna tena, niliitoa.

5. Ukishamkamata mtu, funga hati yake kwenye mfumo kabla hujanywa chai, la sivyo ataachiwa na mahakama asubuhi na wenzako wa kituo cha pili watamkamata tena jioni.

6. Nywila ni ya mtu mmoja. Ile kalenda ya ukutani yenye nywila ya koplo imeshaniletea hati tatu zilizoingizwa na koplo akiwa likizo Bukoba.

7. Umeme ukikatika, kuna rejista. Iandikeni. Sitaki kusikia "mfumo uko chini" kama sababu ya mtu kukaa ndani.

Wazee fulani hapa kituoni wakisikia haya hudakia, "Si bora turudi kwenye makaratasi." Hapana. Nimefukuzana na hati za dispachi mimi. Hati inatoka Sengerema, inasubiri mtu wa kuibeba, inasubiri kivuko cha Busisi, inafika Mwanza mtuhumiwa ameshahamia Geita na ameoa. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, mtu anavuka zile kilomita 3 kabla karani hajapiga muhuri. Bila mfumo wa pamoja hatumpati mtu. Nautaka, naupenda, na bado sitaki uwe peke yake kwenye meza.

8. Orodha ya simu za makarani nimeibandika ndani ya kabati, pamoja na wa zamu za wikiendi, kwa mahakama zote tunazoshughulika nazo. Ile simu ndogo ya kitochi ni ya kazi hiyo. Vocha naweka mimi kwa pesa yangu, na nikikuta tena imepigiwa mchumba Shinyanga kwa dakika arobaini, nitampigia mimi huyo mchumba.