Hema Lisikae Ukingoni: Kujiandaa kwa Kambi ya Ziwa la Mlimani

Kabla hujafikiria chakula, jua kambi iko mita ngapi juu ya ulikotoka. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Kukiwa na nyuzi 24 nyumbani, mita 2,000 juu yake tarajia kama 11, tena mchana. Usiku usiseme.

Kosa linalowakosesha wengi usingizi ni kupiga hema ukingoni mwa ziwa kwa sababu ndiko kunakopendeza. Hewa baridi ni nzito. Jua likizama huteremka mlimani na kutuama penye bonde, na bonde lenyewe ndilo hilo lenye ziwa. Rudi nyuma angalau mita 60, kama hatua 80, utafute kiinuko. Hata mita chache za kupanda utazihisi alfajiri. Epuka mkondo mkavu wa maji na mti wenye matawi makavu. Matundu ya hewa ya hema yaache wazi hata kukiwa na baridi kali, maana pumzi za watu wawili zinatosha kulowesha kila kitu ndani.

Halafu kuna ardhi. Ukiulalia mfuko wa kulalia, ujazo wa upande wa chini hubanwa, hewa inayotunza joto ikatoka, na mfuko wa gharama ukawa kama shuka. Kwa hiyo kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua mkeka mnene wa kulalia. Nguo za kulala nazo zifungwe peke yake, zisivaliwe mchana: jasho kidogo tu ni baridi ya usiku kucha.

Kwenye mita 3,000 juu ya usawa wa bahari maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage makavu yatamaliza gesi kabla hayajaiva. Yapike nyumbani. Gesi ya butani tupu hugoma joto likikaribia sifuri. Chagua mtungi uliochanganywa na propani, na asubuhi uupashe joto ndani ya koti kabla ya kuufunga kwenye jiko. Maji ya ziwa, hata yakimeremeta namna gani, yachemke dakika 1 kamili, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Jiko lisiingie hemani, la gesi wala la mkaa, hata kwa dakika chache za kuota moto. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki.

Zaidi ya mita 2,500, kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande tena siku hiyo. Vikizidi, au mtu akianza kuyumba, mteremsheni palepale, hata kama ni usiku, na asiachwe ashuke peke yake.