Maswali Yenu ya Muvi: Hellboy Ziko Ngapi, na Ipi Uweke Kabatini?

SWALI: Shikamoo kaka. Hellboy ya 2004 niliipenda tangu enzi za vibanda umiza na sasa nataka niwe nayo orijino. Tatizo nikiingia onlaini naona DVD ya diski mbili, ya diski tatu, Blu-ray, 4K, na zote kavani zimeandikwa Hellboy tu. Nianze na ipi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali lenyewe kabisa, maana watu wengi wakiona kava la bati linang'aa wanalipa fasta, wakati cha kwanza kuuliza ni mle ndani kuna muvi ipi. Hellboy ya Guillermo del Toro zipo mbili bwana. Ipo iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, dakika 122, na ipo aliyoipanga dairekta mwenyewe, dakika 132. Ile ya sinema ilitoka Marekani kwenye DVD ya diski mbili Julai 2004, halafu Oktoba mwaka huohuo ikaja ya diski tatu yenye muvi ya dairekta, yaani waliokimbilia ya kwanza ikabidi warudi dukani, na mimi mpaka leo naona hawakutendewa haki. Blu-ray ya 2007 na 4K ya 2019 zote ni ya dairekta.

Sasa wewe, kama nyumbani una TV ya 4K na deki yake chukua ya 2019 umalize kazi. Kama huna usijitese, ya diski tatu bado ni mali safi, na bonasi zake usizipite hata moja. Ukishajua jinsi Ron Perlman, aliyecheza Hellboy mwenyewe, alivyokuwa anakalishwa masaa anabandikwa ule mwili mwekundu hutaitazama tena muvi kwa macho yaleyale. Na yule Abe Sapien, kiumbe wa majini, mwilini ni Doug Jones lakini sauti ni ya David Hyde Pierce, na Pierce akakataa jina lake kuandikwa kwenye muvi kwa sababu aliona kazi yote ameifanya Jones. Mimi nampenda sana huyu mtu kwa hilo tu!

SWALI: Mjomba, binamu yangu aliyeko Marekani kaniletea Blade na Ghost Rider, DVD kabisa za dukani, nikiweka kwenye deki inaniambia rejoni sio. Ni feki? – Msomaji wa kike, Mombasa

JIBU: Sio feki mwanangu, na binamu usimlaumu. DVD zimegawanywa dunia nzima kwa maeneo yenye namba, ndo hizo rejoni, Marekani ni 1 na sisi Kenya na Tanzania tuko 5, kwa hiyo deki ya huku ikiona 1 inagoma. Tafuta deki inayosoma rejoni zote, zipo madukani na sio lazima iwe ya bei kali, muuzaji akujaribishie hapohapo na diski yako. Ukitumia kompyuta kuwa makini, ile sehemu ya kusomea diski kwa kawaida inakuruhusu kubadilisha rejoni mara 5 tu, baada ya hapo inabaki ilipo.

Blu-ray wao wanatumia herufi, Marekani ni A, sisi ni B pamoja na Ulaya, ndo maana mimi nawaambia wenye ndugu Uingereza waagizie huko. DVD ya Uingereza lakini ni 2, hiyo nayo itakusumbua vilevile. Diski za 4K hazina rejoni kabisa, za popote zinacheza popote, ila chunga, mara nyingi kwenye boksi moja wanaweka na Blu-ray, na hiyo Blu-ray inaweza ikawa na rejoni. Na ukikuta DVD ya Ulaya inaonyesha Hellboy ya dakika 117 hivi usidhani imekatwa, mfumo wa PAL, yaani ule wa TV za Ulaya, unapitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, muvi inakimbia kidogo basi.

SWALI: Constantine ya HD DVD kwa bei ya maandazi, nichukue? – Msomaji, Dar

JIBU: Kama unataka kuitazama, hapana. HD DVD ni aina ya diski iliyoshindana na Blu-ray ikashindwa, haichezi kwenye deki ya Blu-ray, na Toshiba wenyewe waliokuwa wanaisukuma waliachana nayo Februari 2008. Bora utafute DVD ya 2005 ya diski mbili ambayo ndani ilikuja na kitabu cha komiki. Muombe muuzaji apige picha boksi likiwa wazi, maana za mtumba hicho kitabu ndo huwa cha kwanza kupotea.

SWALI: Nimeokota Swamp Thing kwenye duka la mitumba hapa Ohio, DVD ya 2000. Ina thamani? – Msomaji, Columbus

JIBU: Aisee, hiyo usiiachie hivihivi! Muvi ni ya Wes Craven, ya 1982, na Marekani ilipewa PG, yaani watoto wanaweza kuiona kwa uangalizi wa wazazi. Kampuni ya MGM walipoitoa DVD 2000 wakaandika PG kavani lakini diskini wakaweka toleo lililouzwa nje ya nchi, lenye watu wako uchi, na hakuna aliyeshtuka mpaka 2002 mama mmoja wa Dallas alipowakodishia wanawe. Ikaondolewa madukani, na 2005 ikarudi na toleo la Marekani. Siku hizi lile toleo la nje limeshatolewa rasmi kwa wakusanyaji, kwa hiyo usitegemee utajiri, ila kama kipande cha historia mimi ningeitunza. Iweke juu watoto wasikofika, maana kavani bado inasoma PG.