PCEA ilianzia Kibwezi, sio Thogoto

Ukiuliza kama PCEA, yaani Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, ilianzia Thogoto kule Kikuyu, hapana, ilianzia Kibwezi huko Ukambani 1891 kama misheni, watu wengi hufikiri ni Thogoto juu ndio kituo kilichodumu na likakuja lile kanisa la mawe la Church of the Torch, lakini hilo jengo ni la miaka ya 1930, yaani misheni ilikuwa tayari na miaka kama arobaini. Kibwezi ilifunguliwa na Waskoti wakiongozwa na Dr James Stewart, yule wa shule ya misheni ya Lovedale Afrika Kusini, na pesa zilitoka kwa Mackinnon na marafiki wake wa IBEA, ile kampuni ya Waingereza ya biashara Afrika Mashariki, kwa hivyo mwanzoni haikuwa hata misheni rasmi ya Kanisa la Scotland. Kilichowatoa hasa ni malaria, wamisionari walikufa wengi, basi 1898 mmisionari Thomas Watson akahamisha kazi akaipeleka juu Kikuyu penye baridi. Yeye mwenyewe akafa 1900, hakuona matunda yake maskini, na ni hapo ndipo Kanisa la Scotland likaingia kuichukua. Jina Thogoto lenyewe husemwa ni "Scot" ilivyotamkwa na wenyeji.

Ila angalia, ukiuliza PCEA kama jina na kanisa linalojisimamia hiyo ni hadithi ingine, jina ni la 1943, halafu 1956 ndio wakaungana na makanisa ya Waskoti walowezi. So inategemea unahesabu misheni ama kanisa.