Mbarika angani: maswali yenu na majibu

Tangu Ulaya ianze kulazimisha mafuta endelevu ya ndege, yale wanayoyaita SAF, sanduku la barua halijapumua. Wanaouliza "SAF ni nini" nimewaweka kando, maana hilo limeelezwa hapa mpaka koo limekauka. Ni mafuta ya ndege yaliyotengenezwa kwa mbegu kama za mbarika, mafuta yaliyokwisha kukaangia, taka au umeme, badala ya mafuta ghafi ya kuchimbwa. Basi. Tuendelee.

Nimekata tiketi ya Frankfurt kwenda Nairobi nikakuta "ada ya mazingira". Serikali ya Kenya nayo imeanza? (Msafiri, Eldoret)

Serikali ya Kenya haimo, kwa leo tusiisingizie. Kundi la Lufthansa linatoza ada hiyo kwa safari za kuanzia Januari 1, 2025, kati ya euro 1 na euro 72, kutegemea masafa na daraja. Inafuata uwanja ndege inakoondokea: Umoja wa Ulaya, Uingereza, Norway na Uswisi. Wewe umeanzia Frankfurt, umenasa.

Nyuma yake kuna sheria ya Ulaya iitwayo ReFuelEU. Wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vya huko wanatakiwa wachanganye 2% ya SAF kuanzia 2025, 6% ifikapo 2030, 20% mwaka 2035, mpaka 70% mwaka 2050. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilikadiria kwamba mwaka 2024 tani ya mafuta ya kawaida ilikuwa euro 734, na tani ya mafuta ya ndege yatokanayo na mimea na taka euro 2,085. Lazima mtu alipe tofauti hiyo, na mtu huyo amekaa kiti cha dirishani.

Lakini piga hesabu kidogo. Asilimia 2 ya pengo hilo ni kama euro 27 kwa tani nzima ya mafuta, na wewe peke yako hukuchoma tani nzima kuja Nairobi. Shirika linasema ada inafidia pia masharti mengine ya mazingira. Sawa, lakini likuoneshe hesabu. Serikali ikitunga sharti bila kudai risiti, kila muuzaji atajichotea cha juu kwa jina la mti.

Ndege ikijazwa mafuta ya chipsi haitazimika angani? (Mwenye hofu, Temeke)

Haitazimika. Yanasafishwa mpaka yafanane na Jet A-1, yaani mafuta ya kawaida ya ndege, na viwango vya kimataifa haviruhusu yazidi nusu ya mchanganyiko. Kwa kibali maalumu, Novemba 28, 2023, Virgin Atlantic iliruka kutoka London hadi New York kwa SAF tupu. Ilifika.

Shikamoo. Mawakala wamekuja kijijini wakisema mbarika ndiyo dhahabu ya ndege. Nina ekari tatu za mahindi na kunde. Nipande mbarika zote? (Mkulima, Kibwezi)

Marahaba. Usipande zote.

Soko lenyewe lipo, si hadithi. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kinu cha kukamua mbegu Makueni, jirani zako, Julai 2022, kwa mbarika, mbegu za mti wa kroton na mbegu za pamba. Mafuta yanasafirishwa hadi kiwanda cha Gela, kisiwani Sicily. Mei 2023 Kenya Airways ikarusha Dreamliner kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na sehemu ya SAF ya Eni, picha zikapigwa, hotuba zikatolewa.

Ila katika hotuba hizo sikusikia bei ya kilo. Hapo ndipo ninapogombana na hizi sera kila mwezi, na nitaendelea. Sheria ya Ulaya imekataa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula na ya malisho, ndiyo maana mbarika imependwa ghafla. Sheria hiyohiyo inapanga asilimia, inapanga faini, inapanga cheti cha kuthibitisha mbegu imetoka wapi. Mkulima alipwe ngapi haisemi, na serikali zetu, zenye wajibu wa kulisema hilo, zimeridhika kukata utepe. Ripoti ya shirika la Transport & Environment ya mwaka 2024 kuhusu miradi ya Eni barani Afrika ilieleza wakulima wa Kenya wakilalamikia mavuno hafifu.

Kwa hiyo wakala akirudi, muulize haya mbele ya majirani. Bei ya kilo ni ngapi, na imeandikwa wapi? Mzani uko kijijini au mjini? Mnapima mbegu zilizokobolewa au na maganda yake? Swali hili la mwisho watu hulidharau. Mbarika haivuniwi kwa siku moja: vichala hukomaa kwa zamu, unavikata, unavianika, unavipigapiga mpaka vipasuke, unapepeta, na kazi hiyo yote ni mgongo wa mama na watoto. Bei inayoonekana nzuri kwa kilo inaweza kuwa matusi ukiigawa kwa siku za kazi. Muulize pia: mvua isiponyesha, mbegu mliyonikopesha namlipa nani?

Ukipata majibu kwa maandishi, anza na nusu ekari au mpakani mwa shamba. Mahindi na kunde ziache zilipo. Mbarika ikikosa mnunuzi huwezi kuisonga ugali.

Na hili hukuuliza, nakuambia: mbegu za mbarika zina sumu kali, risini, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua yanayo pia. Usiwape mbuzi wala kuku mashudu ambayo hayajaondolewa sumu kiwandani, na usianike mbegu mahali watoto wanapocheza. Sijaona wakala hata mmoja anayeanza na habari hiyo.

Hii si ile mibono ya zamani imebadilishwa jina? (Mstaafu, Kisarawe)

Kumbukumbu yako haijazeeka. Kwenu Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata takriban hekta 8,000 za vijiji 11 kwa ajili ya mibono, yaani jatropha, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Kilwa, Bioshape ya Uholanzi nayo ilikuja kwa kishindo ikaondoka kimyakimya. Na wanaosema mara hii ndiyo mara ya kwanza kwa mbegu zetu kurusha ndege wamesahau Desemba 30, 2008: Air New Zealand ilijaribu mafuta ya mibono kwenye injini moja ya Boeing 747, na sehemu ya mbegu zake ilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Angani tulishafika. Shambani ndiko tulikobaki na visiki.

Tofauti ipo, nisiifiche. Wakati ule kilichovuta wawekezaji ni bei ya mafuta ghafi tu, iliyopanda hadi dola 147 kwa pipa Julai 2008, kisha ikaporomoka chini ya dola 40 kabla mwaka haujaisha. Safari hii kuna sheria inayomlazimisha mtu kununua. Lakini sheria nayo hubadilika. Marekani ilipitisha mwaka 2022 nafuu ya kodi iliyofika dola 1.75 kwa galoni ya SAF; Julai 2025 Bunge lilelile likapunguza mpaka dola 1 kuanzia 2026. Kwa kura moja ya Washington, hesabu ya mtu aliyepanda mbegu kwa kutegemea bei ya jana imekwisha.

Halafu ardhi. Ndugu zangu wa vijijini Tanzania, ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla ili apewe mwekezaji, kampuni ikifa hairudi yenyewe kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mlango wenu wa mwisho. Msiende kusaini posho ya kikao.

Kwa nini serikali za Afrika Mashariki zisiamuru tu 10% pale JKIA, Dar na Entebbe? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa sababu amri haisafishi mafuta. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Jet A-1 ya uwanja wa JKIA, Nairobi, inakuja na meli ikiwa tayari imesafishwa, inashushwa Mombasa, inapanda na bomba. Ukiamuru 10% kesho asubuhi, utaagiza SAF ya kigeni kwa dola, huenda imetokana na mbegu za Makueni zilizozunguka Sicily. Na rubani mwerevu atajaza tangi Addis Ababa aje kwako akiwa ameshiba.

Ulaya waliliona hilo, wakaweka kifungu: shirika linaloondoka kwenye viwanja vyao lijaze hapohapo angalau 90% ya mafuta linayohitaji kwa mwaka. Muuzaji asiyefikisha asilimia yake anatozwa faini isiyopungua mara mbili ya pengo la bei, na bado mzigo uliokosekana anadaiwa mwaka unaofuata. Uingereza imeanza na 2% mwaka 2025, inakwenda 10% mwaka 2030 na 22% mwaka 2040. Asiyeweza kuchanganya anajikomboa kwa pauni 4.70 kwa lita. Hiyo ni fimbo. Marekani imetumia karoti ya kodi. Singapore imechagua tozo kwa abiria, fedha inakusanywa kwanza, kisha mafuta yananunuliwa kwa kadiri ya fedha iliyopo. Kwa nchi zisizo na kiwanda, mimi naona njia ya Singapore ndiyo ya adabu zaidi, mradi fedha isiingie kapu kuu la hazina ikapotelea humo.

Hata fimbo ya Ulaya haijamaliza kazi. Shell ilikuwa inajenga kiwanda kikubwa Rotterdam, katikati ya soko lenye sharti, na Septemba 2025 ikatangaza kwamba haitakimalizia. Dunia nzima ilitengeneza tani milioni 1 tu za SAF mwaka 2024, kama 0.3% ya mafuta yote ya ndege. Sharti linamwambia mnunuzi "nunua". Mwenye kiwanda anataka kusikia "utalipwa kiasi hiki kwa miaka kumi na tano", na mkulima anataka kusikia hilohilo kwa misimu mitano. Serikali ya Afrika Mashariki ikitaka sera, ianzie kwenye bei hiyo ya uhakika isiyoshuka, na maabara ya viwango inayotambulika nje, na sharti moja kwa nchi zote za Jumuiya ili ndege zisikimbie uwanja mmoja kwenda wa jirani. Asilimia zije baadaye.

Ndege za maua nazo zitalipa? (Mfanyakazi wa shamba, Naivasha)

Zikienda, hapana: zinajaza Nairobi, mafuta ya kawaida. Zikirudi, ndiyo, kama shirika linaondoka viwanja vya Ulaya angalau mara 52 kwa mwaka na ndege za mizigo. Gharama itaingia kwenye nauli ya kilo ya mzigo, na bosi wako ataitaja siku mtakapoomba nyongeza ya mshahara. Mwulizeni ni senti ngapi kwa shina.

Kuna kijana wa pikipiki ananunua mafuta niliyokwisha kukaangia chipsi. Kweli yanakwenda kwenye ndege? (Mama lishe, Tanga)

Huenda yanakwenda. Huenda pia yanachujwa na kurudi kwa jirani yako kwenye chupa safi. Mnunuzi wa kweli anapima kilo, anakuandikia risiti na anataka kujua unatoa dumu ngapi kwa mwezi, maana Ulaya inadai mnyororo mzima wa karatasi kuanzia karai lako. Asiye na karatasi anakwenda kwingine.

Yaache yapoe kabla ya kumimina kwenye dumu, chuja mabaki, usitie maji. Na mtu akikupa kwa mafuta yaliyochoka bei inayozidi ya mafuta mapya, kaa mbali naye. Mchezo wa kuuza mawese mapya kwa jina la mafuta yaliyotumika umeshaitia Ulaya wasiwasi kuhusu shehena za kutoka Asia, na siku cheti kikifutwa wanaoumia ni wadogo.

Moshi wa ndege unapungua? (Bila jina)

Kaboni inayotoka kwenye injini ni karibu ileile. Nafuu, inayotajwa kuwa hadi 80%, inahesabiwa kwa mzunguko mzima, kwa kuwa mmea uliivuta kaboni hiyo kwanza. Ukifyeka msitu ili upande mbarika, hesabu imevunjika kabla hujavuna.

Mvuke wa Olkaria hauwezi kutengeneza mafuta haya? (Fundi umeme, Nakuru)

Unaweza. Umeme unatenga hidrojeni kwenye maji, inaunganishwa na kaboni dioksidi, mafuta yanapatikana. Ulaya inataka wastani wa 1.2% ya aina hiyo mwaka 2030 na 2031, na 35% ifikapo 2050, na ndiyo ghali kuliko zote. Usiku mvuke mwingine wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa wateja, kwa hiyo wazo lako lina mashiko. Lakini mtambo wa bei hiyo hauwezi kufanya kazi za usiku tu na ukalipa deni lake, na mchana umeme huo unagombewa na viwanda vyetu.

Nina lita 20 za mafuta ya mbarika, naomba namba ya shirika la ndege. (Muuzaji, Kilifi)

Hii ni barua ya ngapi jamani! Shirika la ndege halinunui mafuta kwa dumu kutoka kwa mtu, na mafuta ghafi ya mbarika hayaingii kwenye tangi la ndege yoyote. Wauzie watengenezaji wa sabuni na mafuta ya nywele hapo mjini.