Funguo zimepotea, pikapu imelala uani

SWALI: Shikamooni mafundi. Marehemu baba alituachia Hilux ya zamani, gia za mkono, aliyokuwa akibebea madumu ya asali kutoka Sikonge. Imesimama uani Isevya miaka mitatu, milango imefungwa na funguo hazionekani. Tunataka kuihamishia kwa fundi upande wa pili wa mji. Tuvunje kioo tuingie, au tuiburute kwa kamba? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba. Msifanye lolote kati ya hayo mawili. Gari linaweza kuhama bila mtu kuingia ndani, kwa sababu kinacholizuia kiko chini yake: gia, handbreki na kutu. Kamba ndiyo hatari zaidi. Stelingi imejifunga, hakuna wa kukanyaga breki, na likishaanza kuteremka litamfuata anayelivuta mpaka limgonge. Gari lisilo na dereva hubebwa juu ya lori.

Kabla ya spana, karatasi. Tafuteni kadi ya gari na mlinganishe namba ya chesisi iliyomo na ile iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi. Kwa kuwa mwenye gari amefariki, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kulihamisha. Awepo siku hiyo na barua yake. Chukueni pia taarifa ya upotevu wa funguo polisi. Fundi makini atadai hayo yote, na asiyeuliza chochote msimpe gari.

Sasa kazi yenyewe. Zuieni tairi za mbele kwa magogo, mbele na nyuma ya kila tairi. Jazeni upepo mpaka kama psi 30. Tairi iliyokaa bapa miaka mitatu huenda ikapasuka, kwa hiyo muwe na nyingine tayari. Mchanga wa Tabora humeza jeki, basi iwekeni juu ya kipande cha mbao nene. Inueni ekseli ya nyuma karibu na springi, muweke stendi mbili. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Anzeni na propela, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu ya nyuma, kabla ya kugusa handbreki. Mpangilio huu una sababu: gia iliyoachwa ndani au handbreki ndiyo inayoishika propela isizunguke mnapolegeza bolti. Pigeni mstari wa rangi unaovuka flenji mbili (sahani za chuma zilizofungwa kwa bolti) pale propela inapoungana na difu, bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ili irudi ilivyokuwa; ikikaa vingine inaweza kuleta mtetemo barabarani. Pulizieni dawa ya kulegeza kutu jioni, mfungue asubuhi. Bolti ni nne, na kwa Hilux nyingi spana ni namba 14. Tumieni ya pete, maana ya mdomo wazi hula pembe za nati. Propela ikishuka, ifungeni kwa waya kwenye chesisi. Msiichomoe upande wa giaboksi, mnaweza kumwaga oili.

Wengine husema gia ikiwa huru inatosha, propela ibaki. Kwa kulisogeza uani, sawa. Kwa safari ndefu huku tairi za nyuma zikizunguka, hapana: injini ikiwa imezimwa, shafti zinazorusha oili ndani ya giaboksi hazizunguki, na sehemu ya nyuma inasagika ikiwa kavu. Kama ni ya kuvuta miguu yote minne na ina swichi za mkono kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, zigeuzeni zisome FREE.

Baada ya hapo handbreki. Ipo nati ya kurekebishia kebo chini ya gari. Ilegezeni mpaka kebo ining'inie. Gurudumu likigoma bado, shuu (vipande vinavyobana breki) zimegandia kwenye dramu, lile bakuli la chuma nyuma ya tairi. Vueni tairi, dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingizeni bolti za milimita 8, mkaze kidogo huku na kidogo kule kwa zamu, dramu itajisukuma nje. Mkikaza upande mmoja tu, inaweza kupasuka. Ikikataa kabisa, nyuma ya bamba la breki kuna tundu lenye kifuniko cha mpira: humo mtarudisha nyuma gurudumu dogo la kurekebisha shuu.

Rudisheni tairi na mshushe gari. Kuanzia hapa hakuna kinacholizuia ila magogo, na hapa ndipo watu huumia. Lipandisheni kwenye lori kwa winchi ya mkono ya tani 3, asisimame mtu nyuma wala karibu na kebo. Kama tairi za mbele zimejifunga zikiwa zimepinda, wekeni chini ya kila moja mabati mazito mawili yenye grisi katikati, mlitelezeshe likae sawa na lori. Juu ya lori lifungeni ekseli zote mbili, siyo bampa.

Mlango na swichi muachieni fundi wa funguo huko gereji. Kama funguo ilikuwa ya chuma tupu, atachonga mpya kwa kufungua kitasa. Kama ilikuwa na chipu, lazima mpya isajiliwe kwenye gari, na gharama hupanda.

SWALI: Mtoto akijifungia ndani ya pikapu na funguo ziko humo, tumsubiri fundi? – Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Mama, msisubiri. Gari lililofungwa juani laweza kuongeza nyuzi joto 10 kwa dakika kumi tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Jaribu milango yote na kile kioo kidogo cha nyuma ya kebini, kwenye pikapu nyingine hufunguka kwa kusukuma. Kisipofunguka, vunja kioo cha mlango ulio mbali na mtoto. Piga pembeni, karibu na kona, kwa ncha ya spana ya tairi. Katikati hukita na kurudi. Usihangaike na kioo cha mbele, kina utando ndani na hakimwagiki. Funga mkono kwa kanga, mtoe, mpeleke kivulini, mpanguse kwa maji ya kawaida. Akilegea, akitapika au akiwa hazungumzi vizuri, mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza.