Ukirudi kisiwani, safari hii utapewa jembe

Msafiri wa begi mgongoni akifika kisiwa cha mbali na kukaa siku nne tano, mara nyingi huondoka na wazo moja kichwani: nitarudi, nitaishi hapa, nitasaidia. Wengi hawarudi, na wala si vibaya. Haya ninayoandika ni kwa yule ambaye wazo hilo limegoma kumtoka, ambaye usiku anaangalia ratiba za meli badala ya kulala. Mimi nilirudi. Nawe nakushauri urudi, ila kwa sharti moja: iwepo kazi inayokuhitaji kule, kazi ambayo usipokwenda itafanywa nusunusu au haitafanywa kabisa. Kama kinachokuvuta ni ufukwe na machweo, rudi kama mtalii. Lipia malazi, ogelea, pumzika, uondoke. Wenyeji watakufurahia zaidi kuliko ukijiita mtu wa kujitolea huku unatafuta kivuli.

Kisiwa chenyewe sitakitaja. Watu wake ni wachache kiasi kwamba nikisema tu "nahodha" au "msimamizi wa kituo", kila mtu kule anajua ninamsema nani, na hawakuniomba niwaandike.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ziara yako ya kwanza ndiyo ilikuwa zile siku mbili: ulionyeshwa mahali pazuri pa kuogelea, watu walikuwa na muda wa kukaa nawe, na kama kulikuwa na ugomvi ulifichwa usiuone. Ukirudi, pazia linafunguliwa. Niliposhuka kwenye mashua, nahodha alinipokea begi, akanisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, na kabla sijamaliza kujibu akaongeza: "Na unaondoka lini?"

Ukilisikia swali hilo usinune. Mahali penye watu wachache, kichwa kimoja zaidi ni hesabu mpya. Chukua maji. Milimita 1 ya mvua juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 10 kwenye paa la mita 50 za mraba haikupi zaidi ya lita 500 tangini. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, siku ya tano tangi limekauka. Kuna godoro pia, kuna nafasi kwenye boti inayokuja mara moja moja, kuna betri za sola. Kwa hiyo andika kabla ya kwenda: nafika tarehe fulani, naondoka tarehe fulani, nikipata sababu ya kubaki nitaomba upya. "Nitaona nitakapofika" ni jibu la mtalii.

Sasa kazi yenyewe. Kazi inayomfaa zaidi mtu anayerudi ni ile inayojirudia kila msimu: kuhesabu viota vya ndege, kupita ufukweni usiku kutafuta nyayo za kasa, kupima mvua, kung'oa mimea vamizi sehemu ileile uliyoing'oa mwaka jana. Kazi hizi zinachosha, hazina picha nzuri, na thamani yake yote imo katika mfululizo. Msimamizi akipata mtu mpya kila mara, wiki ya kwanza inaishia kwenye mafunzo. Akimpata aliyekwisha kufanya, kesho yake asubuhi kazi inaanza, na takwimu za mwaka huu zinalinganishika na za mwaka uliopita kwa sababu macho ni yaleyale.

Kwenye visiwa vya Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki, watu wa kujitolea hutumia majuma ya Desemba na Januari wakitembea kwa mstari na kuhesabu viota vya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, kimoja baada ya kingine. Kule ndiko anakorudi Wisdom, albatrosi jike aliyevishwa pete mguuni mwaka 1956 na ambaye mwishoni mwa 2024 alitaga tena. Umri wake unaweza kukadiriwa kwa sababu kuna watu walioandika namba ya pete kwenye daftari, na wengine waliokuja miaka mingi baadaye wakaisoma tena. Watu hao wengi hawajulikani kwa majina, na mimi nadhani hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Kule kwetu kazi ilikuwa kasa. Ziara ya kwanza niliruhusiwa kusimama nyuma na kutazama. Niliporudi ndipo nikafundishwa kuhamisha kiota kilichochimbwa karibu mno na bahari, mahali ambapo maji kujaa yangekifunika. Unachimbua mchanga kwa mikono, taratibu, mpaka uguse yai la kwanza: laini, lenye joto kidogo, mfano wa mpira wa tenisi ya mezani uliolowa. Yanaweza kufika mia na zaidi. Unayatoa moja moja na kuyaweka kwenye ndoo yenye mchanga uleule unyevu, na kila moja linakaa upande uleule lilivyokuwa limelala. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani kasa anayeanza kuumbika, hujibandika kwenye ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, umekiua. Shimo jipya linapimwa kina kilekile cha lile la zamani, kwa sababu joto la mchanga ndilo linaloamua watakaoanguliwa wawe majike au madume: mchanga wa moto huzaa majike. Tochi ni nyekundu, kwa kuwa mwanga mweupe humbabaisha mama na kuwapoteza watoto wanaoitafuta bahari. Kazi hii huwezi kumpa mtu aliyeteremka jana na kesho anaondoka. Baada ya miezi miwili hivi mayai yanaanguliwa, na kama umepanga muda wako vizuri utakuwepo. Mimi nilikuwepo mayai ya viota vya mwanzo yalipoanguliwa.

Kazi ninayokushauri uikatae, hata ukiombwa kwa upole, ni ya kufundisha watoto kwa wiki mbili au tatu. Mtoto anakuzoea, unaondoka, anakuja mwingine. Kama wewe ni mwalimu kweli, kaa na walimu wa pale, uwasaidie wanachotaka wao, muhula mzima. La sivyo shika nyundo. Na ukikutana na mpango unaotaka ulipe fedha nyingi ili ujitolee, uliza kwa maandishi: kiasi gani kinabaki kisiwani, na ni nani analipwa mshahara pale? Anayejibu kwa kuzungukazunguka amekwisha kukujibu.

Kuhusu vibali sitakawia, lakini usilipuuze hili kwa sababu ndipo safari nyingi za kurudi zinapovunjikia. Kufika mara ya kwanza kwa viza ya utalii hakumaanishi unaweza kurudi kufanya kazi kwa viza hiyohiyo, hata kama hulipwi senti. New Zealand, kwa mfano, huhesabu malazi unayopewa kwa sababu ya kazi kuwa ni malipo, kwa hiyo viza ya utalii haikutoshi. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Galápagos, visiwa vya Ekuador, mtalii hapewi zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Tristan da Cunha, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki, hakuna uwanja wa ndege. Unakwenda kwa meli kutoka Cape Town, mwendo wa wiki hivi kutegemea bahari, na hupandi kabla baraza la kisiwa halijakukubali. Muulize msimamizi wako kibali gani hasa wametumia wenzako waliotangulia. Asipojua, tafuta kisiwa kingine.

Kwenye begi, safari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Vitu vyako vipunguze nusu, nafasi iliyobaki ibebe vyao. Uliza mapema wanahitaji nini, na usishangae orodha ikiwa haina mvuto. Niliyotumiwa mimi ilikuwa na washa za bomba, gundi ya kuziba nyufa za tangi, fyuzi, na sindano nene za kushonea turubai. Niliona aibu kidogo kununua vitu hivyo, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiria zawadi. Lakini pampu ya maji ilikuwa ikivuja tangu nilipoondoka, na washa moja ya mpira ndiyo ilikuwa inakosekana. Hakuna zawadi ambayo ingeshangiliwa namna ile.

Safisha kila kitu kabla ya kupanda boti. Nyayo za viatu, mifuko ya suruali, zile nyuzi za begi zinazonasana: humo ndimo mbegu zinakojificha. Kisiwa ambacho ndege wake wanatagia chini hakiwezi kuvumilia mgeni wa aina hiyo, wala panya aliyelala kwenye boksi la vyakula. Georgia Kusini, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki, ilichukua miaka ya kazi ya helikopta na sumu kabla haijatangazwa kuwa haina panya mwaka 2018. Fungua boksi zako ndani ya chumba kilichofungwa, si ufukweni.

Umeme wa sola una adabu zake. Chaja ya simu hula wati 10 au 20. Birika la umeme hula 2,000, na ukilichomeka usiku utazima friji ya dawa. Chaji vyombo vyako mchana jua likiwa kali. Intaneti ichukulie kama mvua: ikija, kinga. Waambie wa nyumbani mapema kwamba ukimya wa wiki nzima hauna maana mbaya, wasije wakapiga simu ubalozini.

Lililo gumu kuliko yote ni watu. Nilisema ziara ya pili pazia linafunguliwa, na utakayoyaona nyuma yake si mabaya, ni maisha tu: nani alipewa kazi kituoni na nani alinyimwa, boti ni ya nani, nani hasemi na nani tangu msiba fulani. Kila upande utakuvuta, kwa sababu wewe ni sikio jipya. Sikiliza, itikia, usibebe. Neno ulilolisema jikoni asubuhi litakutangulia gatini, na litafika likiwa limeongezewa chumvi. Na usiingie mtego wa kuwasahihisha wenzako wapya kwa "zamani hapa tulikuwa tunafanya hivi". Zamani yako ni siku chache za likizo. Kuna mzee pale amekaa maisha yake yote na bado anauliza kabla ya kuamua.

Kutakuwa na kipindi cha kuchoka. Kwangu kilikuja furaha ya kurudi ilipokwisha na kazi ikabaki kazi: mchanga kwenye shuka, sura zilezile mezani, upepo usiokoma. Ukishikwa na hali hiyo usitangaze uamuzi wowote wa kuondoka mpaka umelala vizuri siku mbili mfululizo. Jipatie saa moja ya peke yako kila siku, na uwaambie wenzako wazi kwamba ni saa yako, wasidhani umenuna. Kwenye kisiwa cha Maatsuyker, kusini mwa Tasmania huko Australia, walinzi wa kujitolea hukaa wawili wawili kwa takriban miezi sita, wakifyeka nyasi na kuandika hali ya hewa. Wawili tu! Anayekwenda na mwenza wake ahakikishe kwanza kwamba wamewahi kukwama pamoja mahali padogo wakatoka wakiwa bado wanasemezana.

Afya: pimwa meno kabla ya kwenda, nalisema hili kwa msisitizo, maana jino halisubiri boti. Dawa zako za kawaida chukua za muda wote wa kukaa, kisha ongeza za mwezi mmoja. Jeraha la matumbawe lisugue siku hiyohiyo kwa maji safi na sabuni hata kama ni mkwaruzo, kwa sababu vipande vidogo hubaki ndani na kidonda hakikauki katika unyevu ule. Bima iwe inayolipia kusafirishwa kwa dharura kutoka kisiwani, na usome maandishi madogo kama inamkubali mtu anayefanya kazi za mikono, nyingine hazimkubali.

Wiki ya mwisho usiitumie kwa picha. Andika kwenye daftari la kituo kila ulichofanya kwa namna ambayo mgeni atakielewa: kiota kipi kilihamishwa wapi, bomba lipi linafungwa kinyume, betri ipi imeanza kuchoka. Wakikuuliza kama utakuja tena, na hujui, sema hujui. Kule "nitarudi" huwekwa kwenye kalenda, godoro likatengwa, msimamizi akamkataa mwingine kwa ajili yako.

Na tiketi ya ndege ya kuendelea na safari usiikate kwa wiki ileile boti inapotarajiwa. Bahari ikichafuka boti haiji, na wa kukurudishia nauli hayupo. Acha siku kumi katikati. Ukifika bara mapema, utazitumia kufua.