Shangazi wa Kibandani: "Wananiita nubu, wanasema nikaanike dagaa"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 19, naishi Gungu hapa Kigoma. Mchana naendesha bodaboda, usiku nacheza PUBG Mobile, gemu ya kupigana kwa bunduki mtandaoni, kwa simu aliyoniachia kaka. Majuzi niliingia skwadi, yaani timu ya watu wanne, na watu watatu nisiowajua, Kiswahili chao cha mjini kabisa. Kusalimia tu, mmoja akaicheka lafudhi yangu: "Mwisho wa reli na nyie mna intaneti?" Nikanyamaza. Nilipokufa wa kwanza wakaniita nubu, yaani mchezaji asiyejua kitu, wakasema nirudi Kibirizi nikaanike dagaa. Mara bando likakata mechi haijaisha, na niliporudi nikakuta wameniripoti. Kwa nini wanaojua kucheza wana roho mbaya hivi? Au niache?
— Mwanika Dagaa, Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na dagaa. Dagaa wa Kibirizi wamenisomeshea watoto wawili kabla sijafungua hiki kibanda cha gemu Mwanga, na anayedhani kuwaanika ni kazi ya wajinga aje awageuze hilo jua la saa sita likiwa utosini. Jina ulilojipa nimelipenda, libaki nalo hata kwenye gemu.

Sasa swali lenyewe. Umesema "wanaojua kucheza". Nani kakwambia wanajua? Mwaka wa tisa huu nakaa nyuma ya kaunta nikiwasikiliza vijana, na mwenye kelele karibu kila siku ni yule wa katikati, aliyekwama daraja la Platinamu akilitamani la juu yake, Daimondi. Nina mteja aliyewahi kufika Conqueror, daraja la wachezaji 500 wa juu kwenye seva nzima. Huyo akicheza utadhani yuko msibani. Anasema "kushoto", "subiri", "nifunike", basi. Akiingia na mgeni humgawia risasi zake kwanza, maneno baadaye.

Wala usidhani matusi yana kabila lake la watu wabaya. Kampuni ya Riot Games, wenye League of Legends iliyotoka mwaka 2009, walikaa wakawachunguza wachezaji wao. Wakakuta walio wabaya siku zote ni kama asilimia 1, na hao walitoa kama asilimia 5 tu ya uchafu wote. Uliobaki, sehemu kubwa ulitoka kwa watu wa kawaida walioamka vibaya siku hiyo.

Nilipoisoma hiyo nilijikuna kichwa, maana na mimi nimo. Usiku mmoja umeme ulikatika mara tatu, mteja mmoja akaondoka bila kulipa, nami nikaingia mechini na moyo umejaa. Kuna mtoto wa watu alinimalizia dawa zote za kujitibu. Nilimwambia neno ambalo mhariri hataliruhusu hapa. Akajibu taratibu, "Samahani mama." Kumbe sauti imemwambia umri wangu. Nilizima simu nikakaa gizani kama mwizi.

Kinachowachochea, kwa maoni yangu, ni ile namba, pointi zinazompangia mchezaji daraja lake. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Marekani, alitengeneza hesabu ya kuwapima wachezaji wa sataranji, na shirikisho lao la dunia, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Ukimshinda aliyekuzidi unavuna pointi nyingi, ukimshinda dhaifu unaokota chache. Ni hesabu nzuri, na kwenye sataranji haina ugomvi, maana ukifungwa umejifunga mwenyewe. Wenye gemu za timu wakalichukua wazo hilo wakaliweka kwa watu watano wasiojuana. PUBG Mobile ina hesabu yake, inatazama umedumu muda gani na umeua wangapi, lakini uchungu ni uleule: namba ni yangu, imeandikwa chini ya jina langu, na usiku huu imeshikwa na kijana wa Gungu mwenye bando la kuungaunga. Hapo ndipo mtu anaanza kukuona wewe ndiye shimo kwenye mtumbwi wake.

Halafu hamtakutana tena. Nenda Ujiji jioni uwasikilize wazee kwenye bao. Kejeli za pale ni kali kuliko za skwadi yoyote. Mtu akifungwa anaulizwa kama kete amezileta kwa ajili ya kupandia mahindi. Lakini yule anayemcheka anajua kesho watapanga safu moja msikitini, na mwezi ujao huenda akamkopa hela ya dawa. Ulimi unajifunga breki wenyewe. Hao vijana watatu walijua wewe unayeyuka ndani ya dakika thelathini. Kwa nini wajizuie?

Haya, na wewe nikuseme kidogo. Kuchekwa lafudhi hukustahili, na hapo ungezima sauti zao mapema tu. Lakini bando, baba! Kuingia mechi ya daraja, ile ya kupanda na kushuka pointi, bila kutazama salio ni kuwaacha wenzako watatu wapigane na wanne. Kukuripoti kwa hilo si majivuno, hata mimi ningebonyeza. Tangu lini mtu akaingia ziwani bila kupima mafuta ya injini?

Kuhusu kufa wa kwanza, sehemu ya kosa si yako. Nuru ndani ya waya wa faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 6,000 kutoka hapa, kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata kama kila kitu ni kizuri, na kila kitu si kizuri: kuna mnara, kuna foleni, kuna simu ya kaka inayochemka kama sufuria ya mawese. Mwenye namba ndogo ya milisekunde pale pembeni ya skrini amekuona kabla hujamwona. Wakikwambia una mikono mizito, jibu moyoni kwamba ni njia ndefu.

Usiache. Cheza kwanza mechi zisizo za daraja, maana huko hakuna anayepoteza namba. Ukikutana na mtu aliyekuinua ulipoanguka, mtumie ombi la urafiki palepale kabla hamjatawanyika, na kesho mwite. Wakifika watatu una skwadi, nanyi mtaanza kuwa kama wale wa bao. Na bando likikata tena, ukirudi waandikie "samahani, bando". Maneno mawili tu.

SWALI: Shangazi, mimi ndiye kiongozi wa skwadi yetu hapa Ujiji. Hatuchukui mtu mwenye K/D (idadi ya maadui uliowaua ukiigawa kwa mara ulizokufa) chini ya 3, na tunadai skrinishoti kabla ya kumkaribisha. Mdogo wangu ana 1.4, nimemkataa, sasa mama hanipikii vizuri. Nimekosea wapi?
— Kamanda, Ujiji

JIBU: Hukuniamkia, lakini nitakujibu.

Kuchagua watu si dhambi. Mkijiandaa kwa mashindano chagueni kwa kamba na rula. Ila kipimo chenu kinavuja. K/D inahesabu uliowaua na ulivyokufa, basi. Haijui nani aliyeendesha gari katikati ya moto, nani aliyekaa nyuma akakuinua. Na kwenye madaraja ya chini PUBG Mobile huwajaza roboti wanaotembea kama walevi, ukishinda huko wiki nzima K/D inanenepa bila mtu kujifunza kitu. Wenzetu wa gemu ya World of Warcraft walipitia hayohayo. Kulikuwa na programu ya pembeni iitwayo GearScore, iliyojumlisha zana za mchezaji ikatoa namba moja. Viongozi wakaidai mlangoni kama tiketi. Matokeo yake waliingia watu wenye namba nzito wasiojua kazi yao, huku wajuzi wenye zana duni wakibaki nje.

Badala ya skrinishoti, mpe mtu mechi tatu. Ya kwanza itakuonesha woga wake, ya pili mikono, ya tatu itakuonesha anavyosema mnapofungwa. Hiyo ya tatu ndiyo mimi ningeitazama zaidi.

Na mdogo wako, mlete kibandani Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa. Saa ya kwanza simtozi. Mama mpelekee samaki, mgebuka mmoja mkubwa, na ununue kwa hela yako.